Mwanafunzi Mgeni Alale kwa Nani?

Shule mbili zinapokubaliana kubadilishana wanafunzi kati ya nchi na nchi, wakubwa huuliza kwanza fedha za safari, kisha karatasi za mpakani. Swali la tatu husahaulika, nalo ndilo zito: mgeni atalala kwa nani? Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi aliyelala juma zima hotelini ameiona nchi bila kukutana na wenyeji wake. Aliyelala nyumbani mwa watu, akala maharage na sombe pamoja na watoto wa nyumba, akasikia baba na mama wanavyozungumza jioni, huyo atarudi kwao akiwa na la kusimulia.

Kanda yetu ina mfano wake. Kuanzia tarehe 14 hadi 18 Novemba 2012, jumuiya ya Taizé iliwaalika vijana mjini Kigali. Walifika kwa maelfu, kutoka Rwanda kwenyewe na nchi za jirani, Kongo ikiwemo, na hata kutoka Ulaya. Waligawanywa parokiani, na familia za Kigali zikawafungulia milango. Novemba 2008, mkutano wa namna hiyo ulikuwa umefanyika Nairobi, mwaka uleule ambao Kenya iliuanza kwa umwagaji damu uliofuata uchaguzi.

Wako watakaouliza: yalisaidia nini? Siku mbili tu baada ya mkutano wa Kigali kwisha, tarehe 20 Novemba 2012, M23 iliuteka mji wa Goma. Swali hilo ni la haki, na mtu asiwadanganye: usiku nne katika nyumba ya jirani hauzimi bunduki. Lakini vita hulishwa na neno moja dogo, neno «wale»: wale wa ng'ambo, wale wa lugha ile, wale wa kilima kile. Kijana aliyepikiwa na mama wa ng'ambo, akamwita mama, hawezi tena kulitamka neno hilo bila kusita. Kusita huko ni mwanzo wa dhamiri. Palipo na watu wengi wanaosita, mchochezi hupata kazi ngumu.

Ila mapokezi yana adabu yake. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni asikalishwe kwenye kiti kimoja kizuri huku watoto wa nyumba wakihangaika kumtumikia. Apewe bidoni, afuatane nao mtoni. Umaskini wetu usifichwe kwa mikopo ya kununua soda na nyama, maana deni hubaki mgeni akiisha kwenda. Wala tusimtazame kama mfuko wa zawadi. Anayempokea mtu kwa kutarajia simu au viatu ameishaanza kumuuza.

Najua mtakavyonijibu: ni shule gani ya nchi za nje itakayotuma watoto wake Kitshanga katika hali hii ya usalama? Ni kweli, na hatuna haki ya kuwaita watoto wa watu hatarini. Hata hivyo, mji wetu ulikuzwa na wageni. Tangu miaka ya 1990 watu waliokimbia vita wamekuwa wakifika hapa, wengine wakajenga vibanda Mungote, wengine wakapokelewa majumbani. Januari 2023, M23 ilipoingia Kitshanga, wenyeji nao walishika njia wakabisha hodi kwa wengine. Tunaujua mlango kwa pande zake zote mbili.

Basi mwanafunzi mgeni hatuna haja ya kumngoja kutoka mbali. Ameketi tayari kwenye benchi la darasa: mtoto aliyetoka Walikale au Rutshuru, mwenye lugha nyingine, ambaye wakati wa mapumziko hucheza peke yake. Ninapendekeza kila shirika la parokia lianze naye. Kwa idhini ya wazazi wa pande zote mbili, apokelewe na familia moja, Jumamosi hadi Jumapili, mara moja kwa mwezi.

Kisha ifuate sehemu ambayo wengi wataikwepa. Kubadilishana si kutoa msaada. Ni lazima kuwe na kwenda na kurudi. Mtoto wa mwenye nyumba naye aende kwa mwenzake, hata kama ni kibanda cha turubai, aketi chini, ale alichopikiwa. Mkimbizi anayepewa kila siku, asiweze kumkaribisha mtu hata mara moja, amepokonywa heshima ya mwisho iliyombakia. Tukikubali kula kwake, tumemrudishia.