Seva Isiyoamka Bila Fundi

Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, seva huwaka yenyewe, lakini huenda huduma iliyotegemewa isionekane. Fundi huitwa, huandika amri moja, na huduma hurejea. Wengi huona kazi imekwisha, ilhali kilichotulizwa ni dalili tu. Ugonjwa ungalipo, nao utarudi siku umeme utakapokatika tena.

Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuibuni mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kiini cha mfumo huanzisha programu yenye nambari 1, nayo huanzisha huduma nyingine kwa mpangilio. Zamani mpangilio huo ulifuata nambari katika majina ya skripti: S20 ilitangulia S80. Mfumo wa systemd, uliotolewa mwaka 2010, hutumia maelezo yanayotaja huduma ipi ifuate ipi.

Skripti inayomtii fundi na kushindwa seva inapowaka haina ukaidi. Imekuta mazingira mengine. Fundi huwa na orodha ndefu ya mahali pa kutafutia amri, iitwayo PATH. Seva inapoamka orodha hiyo aghalabu ni fupi, mtandao huenda haujawa tayari, na baadhi ya diski hazijaunganishwa. Pengine huduma ilianzishwa tu, wala haikusajiliwa ianze yenyewe.

Aidha, jaribio la mkono laweza kuficha makosa. Fundi akiiita skripti kwa kutanguliza amri ya sh, mfumo hauulizi kama faili lina ruhusa ya kutekelezwa, wala hautumii mstari wa kwanza wenye alama #! unaotaja programu ya kuifasiri. Yote mawili yaweza kuwa na kasoro, na jaribio likafaulu.

Kwa hiyo, hapana budi fundi aanze kwa kusoma kumbukumbu za mfumo kabla ya kugusa chochote. Kisha aandike njia kamili ya kila amri, aijaribu skripti kwa amri ya env -i inayoondoa mazingira yake, na ahakikishe ruhusa, usajili na mpangilio.

Hata hivyo, ushahidi wa mwisho ni kuizima seva kwa makusudi na kuiwasha tena. Wakuu wa ofisi hulikwepa jambo hili wakihofia kukatiza kazi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dakika chache zilizotangazwa mapema, fundi akiwapo, ni nafuu kuliko saa nyingi za usiku ambapo fundi pekee yuko safarini. Huduma isipokewe kuwa imekamilika kabla ya kufaulu jaribio hilo.