Mkosoaji wa Serikali Si Adui wa Nchi

Hakuna neno linalomtoka mtawala aliyebanwa kwa wepesi kama neno "msaliti". Hata Marekani, ambayo katiba yake tangu 1791 inalikataza Bunge kutunga sheria ya kuminya uhuru wa kusema na wa magazeti, imelitumia neno hilo mara nyingi, na zaidi ya mara moja imelijutia.

Miaka saba tu baada ya katazo hilo, Julai 1798, Rais John Adams alitia saini Sheria ya Uchochezi. Vita na Ufaransa vilikuwa vinanukia, na chama tawala kikadai kuwa nchi imo hatarini. Aliyeandika uongo wa kuichafua serikali, Bunge au Rais aliweza kufungwa hadi miaka 2 na kutozwa hadi dola 2,000. Lakini itazameni vizuri sheria hiyo. Makamu wa Rais hakutajwa, maana alikuwa Thomas Jefferson, kiongozi wa wapinzani. Yeye kutukanwa ruksa! Tena ilipangwa ikome Machi 3, 1801, muhula wa Adams ukiwa ukingoni, isije ikawageukia walioitunga. Hapo kilicholindwa ni usalama wa nchi, au viti vya wakubwa?

Wa kwanza kutiwa hatiani alikuwa Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, aliyeandika kwamba Rais anapenda fahari na kusifiwa. Alitozwa dola 1,000 na kufungwa miezi minne katika chumba cha wezi wa farasi, choo kikinuka pembeni. Wananchi wakatoa hukumu yao: wakamchagua tena kuwa mbunge akiwa gerezani. Mwaka 1840 Bunge likawarudishia warithi wake faini ile pamoja na riba. Mwenyewe alikwisha kufa.

Je, taifa lilijifunza? Halikujifunza. Juni 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Eugene Debs, kiongozi wa wafanyakazi, alihutubia mjini Canton, Ohio. Alisema kwamba mabwana ndio watangazao vita na wanyonge ndio wanaokwenda kufa. Hakushika silaha wala hakuuza siri ya jeshi, alisema tu. Akahukumiwa miaka 10, na Mahakama ya Juu ya nchi ikaunga mkono hukumu hiyo bila jaji hata mmoja kupinga. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa mfungwa huko Atlanta, na zaidi ya watu 900,000 wakampigia kura. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Rais Woodrow Wilson alikataa katakata kumsamehe. Ni Rais Warren Harding, wa chama kingine, aliyemwachia siku ya Krismasi 1921.

Wapo watakaosema: wakati wa vita lazima watu wanyamaze. Nakubali kwamba serikali ina wajibu wa kuwalinda raia, na anayepeleka siri kwa adui au kuchoma mali za watu anastahili mkono wa sheria. Lakini Lyon na Debs hawakufanya hayo. Na saa ya vita ndiyo hasa saa ya kuhoji, kwa kuwa kosa la mtawala wakati huo hulipwa kwa roho za vijana. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi nawasihi, ndugu zangu. Mkisikia mtu ameitwa mchochezi, msikimbilie kushangilia. Ulizeni: amesema nini hasa? Je, ni kweli? Na nani anafaidika akinyamazishwa? Ninyi mlio madarakani, mjibuni kwa hoja, kwani jela haijapata kuugeuza ukweli kuwa uongo. Nanyi msiokubaliana naye, teteeni haki yake ya kusema, kwa sababu sheria inayomfunga yeye leo haitauliza kesho ninyi ni wa chama gani.