Tovuti Ndiyo Iiname, Si Mteja

Mwaka huu sitaandika juu ya nidhamu wala juu ya chakula cha bwaloni, kwani hayo yameandikwa mpaka kalamu zimechoka. Nataka kusema juu ya biashara, na hasa juu ya kosa moja linalowapotezea watu wetu fedha kila siku bila wao kujua. Kosa lenyewe ni kujenga tovuti inayosomeka kwenye tarakilishi peke yake, ilhali wateja wameshika simu.

Huenda mwenzangu utasema, "Mimi ni mwanafunzi, tovuti yanihusu nini?" Subiri kidogo nikusimulie.

Shangazi yangu ni fundi wa sare za shule. Alianza na cherehani moja kwenye baraza ya duka la mtu, na sasa ana chumba chake, cherehani nne na mashine ya kufuma sweta. Karo yangu ya kidato cha 1 na cha 2 ilitoka kwenye sweta hizo. Mwaka juzi watu walimshauri kwamba biashara bila tovuti siku hizi ni kama duka lisilo na mlango. Akamtafuta kijana mmoja anayejua kazi hiyo, wakapatana bei, akamlipa kwa mikupuo miwili. Siku ya kukabidhiwa, yule kijana aliifungua tovuti kwenye tarakilishi yake yenye kioo kipana. Ilipendeza, wacha tu! Picha za sweta upande wa kushoto, jedwali la bei katikati, na upande wa kulia kitufe kikubwa chekundu cha kuagizia. Shangazi alipiga makofi, akamaliza kumlipa pesa zake.

Likizo ya Disemba ikaja, halafu Januari, majira ambayo wazazi hukimbia huku na huko na orodha ya mahitaji mkononi. Shangazi alikuwa amekopa katika chama cha akina mama, akanunua uzi mwingi, akitarajia maagizo kutoka mbali. Simu hazikulia. Wiki ya pili mama mmoja alipiga, akasema, "Dada, nimetafuta bei ya sweta kwenye simu yangu mpaka macho yameniuma. Nikiukuza ukurasa naona picha tu, nikiusogeza napotea. Hebu niambie kwa mdomo."

Huyo alikuwa na subira. Je, wasiokuwa nayo walikuwa wangapi? Hatujui, na hilo ndilo linaloumiza, kwa maana mteja anayeondoka kwenye tovuti haagi. Dukani ungemwona akigeuka, ukamwita, "Mama, rudi tuelewane." Kwenye simu anagusa kioo mara moja tu, keshafika kwa jirani.

Nikachukua simu ya shangazi mwenyewe, ile yenye ufa kwenye kioo, nikaifungua tovuti yake. Lahaula! Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Jedwali la bei lilikuwa limekatwa nusu. Kile kitufe chekundu hakikuonekana kabisa, maana kilikuwa kule kulia, nje ya kioo. Shangazi hakuwa ameifungua kwa simu hata siku moja, na nadhani yule fundi pia. Februari ilipofika, sweta zilikuwa zimerundikwa mpaka dirishani na mkopo ulikuwa unadaiwa. Mimi nilirudi shuleni nimechelewa wiki mbili. Sasa mwajua kwa nini tovuti yanihusu.

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu wetu hututwanga na methali hii kila tunapolegea masomoni, na ni haki yao. Lakini katika biashara, hebu tujiulize: mtaka ni nani? Mteja anataka sweta, kweli, lakini sweta zimejaa mji mzima. Anayetaka hasa ni muuzaji, na cha mvunguni ni fedha iliyo mfukoni mwa mteja. Basi anayepaswa kuinama ni muuzaji pamoja na tovuti yake. Kumwambia mteja akuze herufi, asogeze ukurasa kushoto na kulia, au aende akatafute tarakilishi, ni kumwinamisha mtu uliyemwalika wewe mwenyewe. Huo ndio msimamo wangu.

Dawa ya jambo hili ipo tangu zamani kidogo. Mnamo Mei 2010 Mmarekani mmoja, Ethan Marcotte, aliandika makala katika jarida la mtandaoni liitwalo A List Apart akaupa ufundi huu jina, na mwaka 2011 akautolea kitabu. Kabla ya hapo makampuni mengi yalijenga tovuti mbili, moja ya tarakilishi na nyingine ya simu. Marcotte aliona kwamba vioo vya kila aina vinazidi kuzaliwa, na huwezi kujengea kila kimoja nyumba yake. Akapendekeza ijengwe tovuti moja inayojipanga upya kulingana na upana wa kioo kinachoifungua. Septemba 2011 gazeti la Boston Globe la kule Marekani lilifungua tovuti ya namna hiyo, yeye akiwa miongoni mwa mafundi walioitengeneza.

Ufundi wenyewe una mambo matatu. Nilipomweleza shangazi, aliyashika haraka kuliko mimi, kwa sababu yote yamo katika ushonaji. La kwanza, vipimo vya ukurasa huwekwa kwa sehemu: safu hii ichukue nusu ya kioo, ile ichukue robo, kioo kiwe kipana au chembamba. La pili, picha hupewa amri isizidi upana wa mahali ilipowekwa, nafasi ikinywea nayo inywee. "Kama kiuno cha mpira," shangazi akasema. La tatu, ukurasa hukipima kioo kwanza ndipo ujipange. Ukikuta ni chembamba, safu tatu zilizokaa ubavu kwa ubavu hushuka moja chini ya nyingine, na kitufe huja pale kidole gumba kinapofika. Hapo shangazi akashika utepe wake wa kupimia, akacheka. Hakuna fundi anayeshona kaptula ya saizi moja kisha akaiambia shule nzima ivae.

Sasa tuhesabu faida zake kwa mfanyabiashara.

Kwanza, ni wateja. Kampuni ya StatCounter, inayopima matumizi ya intaneti, ilionyesha kwamba Oktoba 2016, kwa mara ya kwanza duniani, simu na tableti kwa pamoja ziliishinda tarakilishi katika kufungua tovuti: asilimia 51.3 kwa 48.7. Kwetu Kenya huhitaji hata takwimu. Panda matatu yoyote, uhesabu wenye tarakilishi magotini, kisha uhesabu walioinamia simu. Zaidi ya hayo, tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, simu hiyo hiyo ndiyo mkoba. Macho ya mteja na fedha zake viko katika mkono mmoja. Tovuti isiyosomeka kwenye simu imekimbia soko na mkoba kwa pamoja.

Pili, ni gharama. Mwenye tovuti moja hubadilisha bei mara moja, imekwisha. Mwenye tovuti mbili atabadilisha huku asahau kule, halafu mteja aje na bei ya mwaka jana aliyoiona kwa macho yake, muanze kubishana. Biashara haigombi, walisema wazee.

Tatu, ni kuonekana. Watu wengi wakitafuta kitu kwenye mtandao huanzia Google. Tarehe 21 Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi bora kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, pale mtu anapotafuta kwa simu. Baadaye, katika mpango uliotangazwa mwaka 2016 na kukamilika mwaka 2023, ikageuza mambo kabisa: inaposoma tovuti ili iiweke kwenye orodha yake, huisoma kama simu inavyoiona. Maana yake, usichokiweka kwenye ukurasa unaofunguka kwa simu, Google nayo haikioni. Shangazi alikuwa anashangaa kwa nini akitafuta "sare za shule" pamoja na jina la mji wetu haoni duka lake. Huenda hiyo ilikuwa sababu mojawapo.

Nne, ni imani. Mzazi anayetaka kutuma fedha kwa mtu asiyemjua huangalia kila dalili. Akiona maandishi yamelaliana na vitufe vimekatwa, atajiuliza kama huyu fundi wa sweta atajali vishikizo. Tovuti iliyokaa sawa haimfanyi muuzaji kuwa mwaminifu, lakini humpa mteja sababu ya kumsikiliza.

Najua kuna watakaonipinga, na nawakaribisha. Wapo watakaosema, "Facebook na WhatsApp zatosha." Nakubali, kwa mama anayeuza mboga mtaani, nambari ya WhatsApp inatosha na kusaza, na sitamshauri apoteze fedha zake kwenye tovuti. Lakini kule wewe ni mpangaji. Bei uliyoiandika leo, kesho imezama chini ya picha za harusi. Mwenye nyumba akibadilisha masharti, huulizwi. Anayehitaji orodha ya bei, saizi na fomu ya kuagiza vikae mahali pamoja anahitaji nyumba yake, na mlango wa nyumba hiyo uwe unaingilika.

Wengine watasema ni ghali. Mimi nasema ghali ni kulipa mara mbili. Ukimwambia fundi tangu mwanzo kwamba tovuti lazima ikae sawa kwenye simu, ataijenga hivyo. Ukikumbuka baadaye, inabidi kufumua na kushona upya, na kila mvaa sare anajua nguo iliyofumuliwa hugharimu zaidi.

Hata hivyo tusidanganyane. Tovuti kujipanga vizuri si sawa na kuwa nyepesi. Picha kubwa iliyotoka kwenye kamera inaweza kuonekana ndogo kwenye kioo huku ikimeza data ya mteja vilevile, na data twanunua kwa jasho. Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba asilimia 53 ya wanaofungua ukurasa kwa simu huondoka ukichukua zaidi ya sekunde 3. Kwa hiyo fundi mwema hutayarisha picha ndogo za kupelekwa kwenye simu ndogo. Na sweta mbaya itabaki kuwa sweta mbaya hata ikiuzwa kwenye tovuti ya dhahabu.

Likizo ya Aprili mwaka jana, binamu yangu aliye chuo cha ufundi aliijenga tovuti ile upya. Safari hii shangazi hakupiga makofi mapema. Alitoka nje juani na simu yake yenye ufa, mkono mmoja umebeba mtoto wa jirani, akajaribu kuagiza sweta yake mwenyewe. Mara ya kwanza akashindwa, kitufe kilikuwa kidogo mno kwa kidole chake. Binamu akarudi ndani akakikuza. Mara ya tatu ndipo shangazi akasema, "Haya mwanangu, sasa njoo uchukue haki yako."

Sitasema tovuti peke yake ndiyo iliyouza Januari ya mwaka huu, maana shangazi pia aliwazungukia walimu wakuu kwa miguu. Lakini maagizo yalikuja kutoka kwa watu ambao hajawaona kamwe, yakiwa na jina la shule, saizi na idadi, na hakuna aliyepiga simu kuuliza bei iko wapi. Lile rundo la dirishani limekwisha. Deni limelipwa. Nami nilifungua kidato cha 4 siku ileile shule ilipofunguliwa.

Wenzangu, nina maombi matatu. Wale mnaosoma Kompyuta, msiridhike kuona kazi zenu zikipendeza kwenye tarakilishi za maabara. Nyingi kati yake wateja wenu wa kesho hawatakuwa nazo. Wale wenye wazazi au jamaa wafanyabiashara, likizo hii fanyeni jaribio la shangazi: tokeni nje juani, simu mkono mmoja, tafuteni bei, agizeni kitu. Mkishindwa ninyi wenye macho makali, mjue mteja alishindwa zamani. Na asilipwe fundi shilingi ya mwisho kabla ya jaribio hilo. Walimu wetu, nanyi nawaomba kwa heshima zote: mzazi anayetafuta karo ya shule kwenye simu yake akiwa shambani naye ni mteja. Tumjali.

Nafasi niliyopewa imekwisha na mhariri ananitazama kwa jicho kali. Tukijaliwa nitakuwa nimeondoka shuleni humu gazeti lijalo likitoka. Atakayetaka kunijibu na aandike. Nitatafuta nakala yangu.

Mwanachama, Kidato cha 4