Kisangani: Kutazama nyota kunaanzia kwenye bateri

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi uliingia wote ndani ya kivuli cha dunia na kukaa humo dakika 82. Kwa saa za Kisangani, ilikuwa kuanzia saa moja na nusu za usiku hadi karibu saa tatu. Kuutazama kwa macho hakukuhitaji umeme. Lakini kuupiga picha nzuri, au kuwaonyesha wanafunzi pete za Zohali kwa darubini yenye mota, ni jambo lingine. Hapo ndipo swali la kila siku la Kisangani linaporudi: moto utatoka wapi?

Wakaaji wa mji wanajua jibu la SNEL. Bwawa la mto Tshopo lilijengwa miaka ya 1950. Mashine zake 3, hata zikizunguka zote pamoja, hazifikishi megawati 20, na mara nyingi si zote zinazozunguka. Delestaji imekuwa sehemu ya maisha. Katika nchi nzima, ni kama mtu 1 tu kati ya 5 anayepata umeme.

Giza hilo lina upande wa pili. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, hivyo katika mwaka mmoja mkaaji wake anaweza kuona karibu nyota zote zinazoonekana duniani, za kaskazini na za kusini. Miji mikubwa ya Ulaya imepoteza anga hiyo kwa wingi wa taa. Si sababu ya kusifu delestaji, maana mama anayejifungua kwa mwanga wa simu hana faida na nyota. Ila ni sababu ya kutokubali kwamba elimu ya anga ni ya wenzetu wa mbali tu.

Kosa linalopaswa kuepukwa ni kununua au kuomba darubini kwanza, kisha kuanza kutafuta umeme. Hesabu inatakiwa kuanzia kwenye bateri. Mota ya darubini ya kawaida hutumia kama ampea 1 kwa volti 12. Mkanda wa kupasha kioo joto, ambao ni wa lazima kwa umande wa msituni, hutumia ampea nyingine 1. Kompyuta ndogo inaweza kula ampea 3 au zaidi. Jumla ni 5, na kwa saa 4 za kazi zinakuwa ampea-saa 20.

Bateri ya risasi ya ampea-saa 60 inatosha, kwa sababu haifai kuishushwa chini ya nusu. Lakini isiwe ile ya kuwashia gari: hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ikikaushwa mara kwa mara inakufa mapema. Inayofaa ni bateri ya sola. Paneli ya wati 100, ikipata saa 4 za jua zuri, inarudisha kilichotumika usiku. Na vifaa vya volti 12 viunganishwe moja kwa moja, bila kupitia konvertisa, kwa kuwa konvertisa nayo hula sehemu ya moto. Mzigo wote unabebwa na toleka moja.

Kwa shule isiyo na uwezo huo, kuna njia rahisi zaidi. John Dobson, aliyekuwa akiwaonyesha wapita njia wa San Francisco mwezi na sayari tangu miaka ya 1960, alieneza darubini ya kioo iliyowekwa juu ya sanduku la mbao. Inasukumwa kwa mkono na haihitaji umeme hata kidogo. Seremala wa Kisangani anaweza kutengeneza sanduku hilo. Kioo tu ndicho kinachotoka nje. Huko Kenya, Susan Murabana na mume wake Daniel Chu Owen wamekuwa wakizungusha darubini kwenye shule na vijiji vya mbali. Kumbe si lazima mtoto asafiri hadi kwenye jumba kubwa la wataalamu.

Wapo watakaosema kwamba katika jimbo ambalo watu wamekimbia makwao kwa sababu ya mapigano ya Mbole na Lengola tangu 2023, nyota ni anasa. Hoja hiyo ni nzito, lakini bateri haichagui kazi. Ileile inayozungusha darubini mara mbili kwa mwezi inaweza, usiku mwingine wote, kuwasha taa za darasa la wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali. Ikinunuliwa kwa hesabu hiyo, haitakuwa anasa.

Usalama nao usisahaulike. Kundi la vijana wenye bomba refu na taa nyekundu uwanjani usiku linaweza kuzua hofu. Mkuu wa mtaa na polisi wajulishwe mapema, na mwanga wa leza usielekezwe kamwe angani kwenye njia ya ndege za Bangoka.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika bateri za simu na kompyuta za watu wa kila bara. Ni aibu mwanafunzi wa fizikia wa UNIKIS amalize masomo akizijua sayari kwa picha za kitabu tu, kwa kukosa bateri moja. Chuo kikuu, shule za mapadri na za serikali, pamoja na wana Tshopo walioko ng'ambo wanaotaka kusaidia, waanze na bateri na paneli. Darubini ifuate nyuma, nayo itadumu.