Uvimbe wa Saratani Uko na Presha Yake, na Inaweza Kufungia Dawa Nje

Kama uko Kenya na una simu, lazima umewahi kuongezwa kwa grupu ya WhatsApp ya harambee ya saratani. Mathee wa beshte yako anaanza kemo, mnachanga doo, wiki zinasonga, alafu siku moja mtu anaandika: daktari amesema dawa haijafanya. Hapo maneno inaanza. Wengine wanasema dawa ilikuwa feki, wengine wanasema hospitali ndo mbaya. Swali lenye hakuna mtu huuliza ni kama ile dawa iliingia ndani ya uvimbe kwanza.

Na si swali la kijinga. Kuna msee anaitwa Rakesh Jain, injinia wa kemikali kutoka India, amefanya kazi miaka mingi kwa hospitali ya Massachusetts General huko Boston akifuatilia hiyo stori tu. Mwaka wa 2016 Obama alimvisha medali ya taifa ya sayansi. Kwa nini injinia? Kwa sababu hii ni maneno ya mabomba na presha.

Iko hivi. Ukipimwa presha mkononi unaambiwa 120 kwa 80, hizo ni milimita za zebaki. Sasa toka nje ya mshipa, ingia kwa nyama yenyewe: hapo presha ya majimaji iko karibu sufuri. Ndo maana maji na dawa hutoka kwa mshipa na kuingia kwa nyama, zinasukumwa kutoka juu kwenda chini. Lakini uvimbe hujenga mishipa vibaya, inavuja ovyo, na mirija ya limfu yenye ingetoa hayo maji imebanwa. Maji yanajaa. Presha inapanda mpaka inakaribiana na ile ya mishipa midogo yenyewe. Sasa dawa itasukumwa na nini? Ni kama mat imejaa hadi mlangoni. Imesimama steji, mlango uko wazi, makanga anakuita, na bado huingii. Dawa za molekuli ndogo hupenya polepole zikijaribu. Zile kubwa, kama za kingamwili, ndo huumia zaidi.

Na hii presha imepimwa kwa watu, si panya peke yake. Toronto, miaka ya 1990, madaktari walichukua wanawake 102 wenye saratani ya mlango wa kizazi, wakawadunga kwa uvimbe sindano nyembamba yenye nyuzi ndani na maji ya chumvi, imeunganishwa na kipima presha. Wastani ulikuwa kama 19. Wakafuatilia. Matokeo yalitoka 2001: wale wa presha ya juu ndo ugonjwa uliwarudia zaidi, hata ukihesabu saizi ya uvimbe na mambo mengine yenye madaktari huangalia. Kumbuka hiyo ni saratani yenye inasumbua sana wanawake wa hapa kwetu, ndo sababu 2019 serikali ilianza kuchanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV.

Kuna kitu ya pili, na hapa watu wengi huchanganya: ugumu. Ugumu ni ile kitu daktari anaskia kwa vidole akigusa bonge la titi. Siku hizi mashine hufanya hiyo kazi. FibroScan, yenye Wafaransa walitengeneza, hugonga ini kidogo na kupima wimbi linapita kwa kasi gani. Ini gumu, wimbi linakimbia.

Lakini ugumu si sawa na msukumo. Sanduku la bodingi ni gumu hata likiwa tupu. Chukua sasa begi ya kitambaa, laini kabisa, jaza nguo mpaka ukae juu ndo zipu ifunge. Fungua hiyo zipu uone. Wanasayansi walifanya karibu kitu hiyohiyo 2012: walikata uvimbe katikati, na ukafunguka wenyewe, ukatanuka. Ule msukumo wa nyama ulikuwa umefungiwa ndani, na ndo hubonda mishipa ya damu ikawa bapa. Dawa yako inafika mlangoni inakuta hata barabara haiko.

Sasa wakafikiria, mbona tusilegeze kwanza? Losartan, ile dawa ya kawaida ya presha yenye pengine shosho yako anameza kila asubuhi, ilionekana kwa panya ikilainisha nyama na kufungua mishipa. Boston wakaijaribu pamoja na kemo na mionzi kwa watu 49 wenye saratani ya kongosho yenye ilikuwa imeenea mahali haingekatwa kirahisi. Ripoti ya 2019 ilisema zaidi ya nusu walipasuliwa na uvimbe ukatoka wote. Hiyo ni noma, lakini hakukuwa na kikundi kingine cha kulinganisha. Kwa hivyo tafadhali usikimbie duka la dawa kununulia mjomba losartan. Mtu amedhoofishwa na kemo, ukimshushia presha ya damu bila daktari kujua, anaweza kuanguka hapo kwa choo.

Na mwaka huohuo wengine waliangukia pua. Dawa inaitwa PEGPH20, yenye kazi yake ni kula ile jeli hushika maji ndani ya uvimbe, ilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 500 wa kongosho. Wenye waliipata waliishi miezi 11.2, wenye hawakupata 11.5. Zii kabisa. Mimi naona kuna kitu hapo: wagonjwa walichaguliwa kwa kuangalia wingi wa jeli kwa biopsi, si kwa kupima presha yenyewe. Ni kama kutibu homa ukiangalia rangi ya blanketi.

Shida ni kwamba kupima si rahisi. Mlango wa kizazi sindano inafika. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, ubongo uko ndani ya fuvu, na hakuna mgonjwa atakubali kudungwa kila wiki ndo ujue kama presha imeshuka. Picha zenye zinaweza kusoma huo msukumo kutoka nje, bila kumdunga mtu, ndo sasa zinatafutwa, na kwa saa hii kemo nyingi bado inaingia kwa mkono wa mtu bila yeyote kujua kule ndani presha iko ngapi.