KUNAWA KWATAKA MAJI

Tangu Uhuru wa 1961 twapigana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Maradhi yangali yakivizia bonde la Mto Msimbazi. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani.

Twahimizwa kunawa kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula. Ni wajibu wetu. Lakini mama anunuaye maji kwa ndoo hupikia kwanza, mikono hungoja. Mtu hanawi kwa hotuba.

Kwa hiyo, viongozi wa matawi, Kipawa, Vingunguti hata Jangwani, yawapasa kudai mabomba yafike mabondeni. Nasi wananchi tukome kutapisha vyoo wakati wa mvua. Amwagaye uchafu mtoni amlisha jirani yake sumu.

Ndugu, vita hivi ni vyetu sote.