Pemba yapima karafuu kwa mizani, moshi wa jikoni kwa macho

Mkulima wa karafuu kisiwani Pemba hakubali zao lake likadiriwe kwa macho. Akifikisha magunia yake katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), hutaka kuiona mizani na kuambiwa daraja la karafuu zake, kwani anajua kila kilo ina bei yake. Mkulima huyo huyo akirudi nyumbani hukuta jikoni kitu kinachoigharimu familia yake kila siku, lakini ambacho ni nadra kupimwa. Kitu hicho ni hewa.

Katika vijiji vingi vya Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, chakula bado hupikwa kwa kuni juu ya mafiga matatu, zikisaidiwa na makumbi, vifuu na makuti ya minazi pamoja na matawi makavu ya mikarafuu. Mijini, mkaa wa kwenye seredani unashindana na gesi na umeme. Anayepika, ambaye mara nyingi ni mama mwenye mtoto mdogo ubavuni, hukaa na moshi huo saa kadhaa kwa siku.

Suala hili lilipata sura mpya ya kiuchumi mwaka 2024. Mwezi Mei mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Siku chache baadaye alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris, ambako serikali na makampuni waliahidi dola bilioni 2.2 za Marekani kwa ajili ya upishi safi barani Afrika.

Swali la msingi ni moja. Sehemu ya fedha za aina hiyo ikifika katika kisiwa chenye watu 543,441 kwa mujibu wa sensa ya 2022, itajulikanaje kwamba imefanya kazi? Njia rahisi ni kuhesabu majiko na mitungi iliyogawiwa. Njia ya pili ni kupima hewa anayovuta mpishi, kabla ya jiko jipya kuja na baada ya kuzoeleka. Njia hizi mbili zinaweza kutoa majibu yanayopingana kabisa.

Jicho si kipimo

Moshi wa jikoni una vitu vingi, lakini viwili ndivyo hupimwa zaidi. Cha kwanza ni chembe ndogo zenye upana usiozidi mikroni 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Chembe hizo ni ndogo sana kulinganisha na unywele, hivyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Cha pili ni gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Hapa ndipo jicho linapodanganya. Mkaa ukishika vizuri hautoi moshi mwingi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo wengi huuona kuwa salama kuliko kuni. Ukweli ni kwamba mkaa hupunguza chembe, lakini hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Seredani iliyoachwa ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua watu waliolala bila hata mmoja wao kukohoa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikaza viwango vyake mwaka 2021. Kwa PM2.5, wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa mwaka usizidi 5. Kwa kaboni monoksaidi, wastani wa saa 24 usizidi miligramu 4. Shirika hilo lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Utafiti mdogo uliofanyika katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha ukubwa wa pengo hilo. Waliopika kwa kuni kwenye moto wa wazi walivuta wastani wa zaidi ya mikrogramu 1,500 za PM2.5, wakati waliotumia gesi walivuta chini ya 20. Hata hivyo, takwimu za huko haziwezi kuazimwa na kutumiwa Pemba kama zilivyo. Nyanda za juu zina baridi na milango hufungwa, wakati Pemba kuna joto na mabanda mengi ya jiko hupitisha upepo. Aidha, Pemba ina masika, ambapo kuni hulowa na upishi huhamia ndani. Kipimo cha Januari pekee hakitasema ukweli wa Aprili.

Namna ya kupima

Upimaji wenyewe si jambo la ajabu. Njia ya kuaminika zaidi hutumia pampu ndogo inayovuta hewa kupitia kichujio. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada ya kazi, na tofauti ndiyo uzito wa chembe zilizokuwemo hewani. Njia ya pili, ambayo ni nafuu, hutumia kifaa kinachomulika mwanga hewani na kukadiria chembe kwa jinsi zinavyoutawanya. Vifaa vya nyumbani vya aina hiyo huuzwa kwa dola 200 hadi 300, na huonyesha mabadiliko ya hewa dakika kwa dakika.

Kifaa cha mwanga kina kasoro moja inayoihusu Pemba moja kwa moja. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hufyonza maji na kuvimba, na kifaa husoma zaidi ya kilichopo. Kisiwa kilichozungukwa na bahari hakiwezi kuepuka tatizo hilo, hivyo vifaa vya bei nafuu lazima vilinganishwe na vichujio hapo hapo kisiwani kabla ya kuaminiwa.

Utaratibu wa kawaida ni kutundika kifaa mita moja kutoka jikoni, urefu wa sentimita 145 kutoka chini, mbali na mlango na dirisha, kwa muda wa saa 24 au 48. Wapo pia wanaomvisha mpishi kifaa kidogo siku nzima, kwa sababu binadamu hatundikwi ukutani. Hutoka, huingia, hukaa barazani na hulala.

Kuvaa kifaa husaidia pia kunasa vyanzo visivyo vya jiko. Chetezo cha udi na ubani hutoa moshi ndani ya chumba cha kulala. Kibatari cha mafuta ya taa hutoa chembe nyingi karibu na uso wa mtoto anayedurusu, na WHO ilishauri mwaka 2014 mafuta ya taa yasitumike majumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo imo. Utafiti wa mwaka 2003 kuhusu dawa za China na Malaysia ulikuta kipande kimoja kikitoa chembe sawa na sigara 75 hadi 137.

Hesabu ya nyumba moja

Umuhimu wa kupima unaonekana zaidi kwa mfano wa hesabu. Chukua jiko ambalo hewa yake ina mikrogramu 1,500 kwa saa nne za kupika, na 30 kwa saa 20 zilizobaki. Wastani wa siku ni 275. Likiletwa jiko sanifu linalopunguza moshi kwa nusu, wastani unashuka hadi 150, ambao bado ni mara 10 ya kiwango cha WHO. Mfadhili atatangaza mafanikio, lakini mapafu hayataona tofauti kubwa.

Sasa nyumba hiyo ipate gesi, lakini kwa kubana matumizi iendelee kuwasha kuni saa moja tu kwa siku, kwa ajili ya maharage au maji ya kuoga. Wastani utakuwa 91, yaani mara sita ya kiwango. Ikiacha kuni kabisa, utabaki 30, mara mbili ya kiwango, unaoweza kutoka kwa moshi wa jirani. Kwa maneno mengine, saa moja ya mafiga hufuta sehemu kubwa ya faida ya mtungi. Daftari la mgawaji wa mitungi haliwezi kuonyesha jambo hilo.

Utafiti wa Majid Ezzati na Daniel Kammen uliofanyika Laikipia, Kenya, katika kaya 55 na kuchapishwa mwaka 2001, unaelekea huko huko. Waligundua kuwa hatari ya maradhi ya njia ya hewa hupanda kwa kasi zaidi moshi ukiwa katika viwango vya chini, na kasi hiyo hupungua moshi ukizidi sana. Maana yake, kutoka moshi mwingi mno hadi moshi mwingi hakuleti nafuu kubwa.

Malawi ilipata somo kama hilo. Utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, uliochapishwa Desemba 2016, haukuona tofauti ya nimonia kati ya kaya zilizopewa majiko yenye feni na zilizobaki na moto wa kawaida. Majiko yaliharibika mara kwa mara, na watafiti walitaja vyanzo vingine vya moshi kama uchomaji wa taka na tumbaku. Utafiti mwingine, uliojumuisha Rwanda pamoja na Guatemala, India na Peru, uliwapa gesi wajawazito wa kundi moja. PM2.5 waliyovuta ilikuwa karibu mikrogramu 24, dhidi ya 71 kwa wenzao wa kuni, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, ila kwa kuwa hewa ilipimwa, hakuna aliyeweza kudai kwamba akina mama hawakuitumia gesi.

Fedha za kaboni

Upande wa biashara una sababu yake ya kudai vipimo. Miradi mingi ya majiko barani Afrika hulipwa kwa kuuza hati za kaboni, ambapo kampuni ya nje hulipia kuni ambazo hazikuchomwa. Mwaka 2024, jarida la Nature Sustainability lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kuwa miradi iliyochunguzwa ilijihesabia faida takriban mara tisa ya ile halisi. Sababu mojawapo ni kutegemea majibu ya dodoso, ambapo mwenye nyumba huulizwa kama anatumia jiko alilopewa, naye kwa adabu hujibu ndiyo.

Mnunuzi akishatiliwa shaka hivyo, bei hushuka kwa wote, mwaminifu na mdanganyifu. Kijiji cha Pemba chenye rekodi ya vipimo vya kuni, matumizi ya jiko na hewa kitakuwa na cha kuonyesha mezani. Kisicho nacho kitapokea bei ya kukadiriwa kwa macho.

Msingi wa kufanya kazi hiyo upo. Pale Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina kampasi Mchangamdogo. Ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA), na ipo Taasisi ya Viwango (ZBS). Vifaa navyo si lazima vitoke mbali, kwani mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ulianza mwaka 2015 kutengeneza vipima hewa vinavyohimili joto na vumbi la Afrika. Vifaa 10 vikihamishwa kila baada ya siku mbili vinaweza kupita nyumba 150 kwa mwezi mmoja.

Umeme uliofika kwa kebo ya baharini kutoka Pangani mwaka 2010 umeshafungua njia ya kuachana na kibatari, na unaweza kufungua njia ya kuachana na mafiga pia. Kwa sasa, kaya isiyo na uwezo wa gesi wala umeme inaweza kukausha kuni kabla ya masika, kupikia penye upepo, kumweka mtoto mbali na moto na kutolaza seredani ndani. Hatua hizo hazina gharama kubwa, ila nazo zinafaa kupimwa ili ijulikane ipi inasaidia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pemba imejifunza hilo kwa karafuu. Fedha za nishati safi nazo zitahitaji daftari lake, na kurasa zake za mwanzo ni vipimo vya hewa vya nyumba ambazo bado hazijapewa jiko jipya, kwa sababu likishaingia, hakuna atakayeweza kurudi nyuma kupima moshi uliokuwepo.